Jinsi ya Kusoma Ramani ya Vita vya Ukraine Bila Kudanganywa na Rangi

Kabla ya kuutazama mstari wa mbele wa leo, tafuta ramani mbili za zamani. Ya kwanza iwe ya 23 Februari 2022, siku moja kabla ya uvamizi. Wakati huo Crimea ilikuwa mikononi mwa Urusi tangu 2014, pamoja na sehemu za Donetsk na Luhansk zilizoshikwa na wapiganaji inaowaunga mkono. Ya pili iwe ya Machi 2022, wanajeshi wa Urusi walipokuwa viungani mwa Kyiv. Ukikosa hizo, utaona eneo kubwa jekundu, rangi ambayo ramani nyingi hupaka sehemu zilizoshikwa na Urusi, na kudhani limetekwa juzi.

Kisha soma tarehe. Wachoraji makini hawasogezi mstari mpaka wapate video au picha ambayo mahali pake pamehakikiwa kwa kulinganisha majengo, barabara na mistari ya miti na picha za setilaiti. Kazi hiyo huchukua muda, kwa hiyo kijiji kinachobadilika rangi leo huenda kilianguka siku kadhaa nyuma. Fungua ramani mbili sambamba: DeepState ya Ukraine, ambayo hupaka kijivu maeneo ambayo haijulikani kwa hakika nani anayashika, na ile ya ISW, taasisi ya Washington inayochambua vita, inayotenganisha maeneo ambayo Urusi inadai tu kuyashika na yale ambayo wachambuzi wake wanaamini yameshikwa. Zikipishana kwa kilomita mbili tatu, usishtuke. Zikipishana kwa mji mzima, subiri.

Jihadhari na picha ya bendera. Askari wawili wakipeperusha bendera juu ya paa wamethibitisha kwamba walifika pale. Kama walilala pale ni suala jingine. Droni zimelifanya tatizo hili kuwa kubwa zaidi, kwani ukanda ambao kila kinachotembea hushambuliwa sasa unaweza kuzidi kilomita 10, na mstari mwembamba hauwezi kuuonyesha.

Kosa kubwa la ramani nyingi za Machi 2022 lilikuwa kupaka rangi mashamba na misitu yote kaskazini mwa Ukraine, wakati Urusi ilishika zaidi barabara. Msafara wake wa takriban kilomita 64 ulikwama njiani kuelekea Kyiv, na mapema Aprili eneo lote lile likaachwa. Aliyekuwa akitazama barabara hakushangaa sana.

Majina nayo yanatega. Bakhmut huitwa Artyomovsk katika taarifa za Urusi, na Pokrovsk huitwa Krasnoarmeysk: ukisikia miji minne imetekwa, huenda ni miwili. Donetsk ni mji na pia ni mkoa. Mji haukuwa chini ya Ukraine tangu 2014, ila mapigano ya kuwania mkoa yaliendelea baada ya 2022. Na Urusi ilipotangaza tarehe 30 Septemba 2022 kuitwaa mikoa minne, haikuwa imeishika yote. Mpaka uliotangazwa usiuchanganye na mstari wa mapigano.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, tumia FIRMS, huduma ya mtandaoni ya NASA, shirika la anga la Marekani, inayoonyesha sehemu zenye joto kali ardhini. Kihisi chake cha VIIRS, kilicho kwenye setilaiti, kina pikseli za mita 375, kwa hiyo kitakupa eneo, hakitakupa nyumba. Mawingu hukiziba macho, na wakulima wakichoma mabua baada ya mavuno kitaonyesha moto pasipo na vita.

Angalia pia ramani ya msingi, ile ambayo rangi hupakwa juu yake. Ikiwa bado inaonyesha ziwa kubwa kwenye mto Dnipro, juu ya mji wa Nova Kakhovka, imepitwa na wakati, kwani bwawa lilibomoka 6 Juni 2023 na maji yakaondoka.

Mwisho, acha kuhesabu kilomita za mraba. Pima umbali kutoka mstari hadi reli, barabara kuu au mgodi ulio karibu, ukianzia nukta ileile kila wiki. Januari 2025 mgodi wa makaa ya mawe karibu na Pokrovsk, uliotegemewa na viwanda vya chuma vya Ukraine, ulisimamisha kazi kwa sababu mapigano yalikuwa yamesogea, ingawa mji wenyewe ulikuwa bado haujatekwa. Rangi ya Pokrovsk haikubadilika siku hiyo.