SOMO: Vifaa vya kuanzia rasta nyumbani (na vile vya kuacha dukani)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Yaya (yaani dada), ninunue nini ili nianze rasta nyumbani?" Nimechoka kuandika jibu lile lile usiku kwa mwanga wa simu. Naliweka hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwambia arudi huku. Nazungumzia rasta za dredi, kwa nywele zetu za kipilipili, na Goma yetu hii ya vumbi jeusi na maji ya ziwa. Mwenye nywele za singa atafute somo lingine.

1. Urefu. Sentimita tatu au nne zinatosha kuzungusha kwa kichanuo. Zikifika saba au nane, sokota mbili mbili. Chini ya tatu, ngoja.

2. Kichanuo chenye mkia. Kimoja. Mkia wa kugawia nywele vyumba (mafungu), meno ya kuzungushia.

3. Vibanio kumi na viwili hivi, vya plastiki. Vya chuma hushika kutu kwenye nywele mbichi.

4. Chupa ya kupulizia maji. Mpya. Ile iliyokuwa na dawa ya mbu iache, hata kama umeiosha mara kumi.

5. Shampoo ya maji, inayoonekana ng'ambo ukiinua chupa juani. Si ile nzito ya kulainisha nywele, maana nywele laini huteleza na rasta inataka zishikane. Na sabuni ya kipande usiiguse. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi na magadi mengi, sabuni ikikutana nayo povu linakuwa la shida na unabaki utando mweupe. Kwenye nywele za kawaida utando huo unautoa kwa kichanuo. Ndani ya rasta unakaa. Ukiweza, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua: acha mvua ioshe bati kwanza, kisha ndipo utege ndoo.

6. Kitu cha kushikisha. Hapa naomba msome polepole.

Mwaka 2021 nilianza rasta zangu kwa nta ya nyuki. Nilikuwa nimeona video, nikachanganya nta na vazelini, nikapaka shina hadi ncha. Siku ya kwanza zilimeta, kila mtu akasifu. Wiki ya pili ncha zikaanza kunata kwenye mto. Halafu ikaja tarehe 22 mwezi wa tano, volkano ya Nyiragongo ikalipuka, na tarehe 27 mitaa yetu ikaamriwa kuondoka. Tulienda Sake kwa miguu, kilomita ishirini na kitu, katikati ya vumbi na majivu. Wenzangu walipofika walijikung'uta, wakaosha kichwa, yakaisha. Mimi kila punje ya barabara ile niliibeba kichwani. Nta ilikuwa imeshika yote. Tuliporudi nilijaribu maji ya moto, sabuni, siki, mafuta ya taa (usithubutu, ngozi ya kichwa ilinichubuka). Nilipokata rasta moja katikati nikakuta kijivu ndani, imelowa, inanuka kama kitambaa cha jikoni. Kinyozi alicheka, kisha akanyoa zote.

Kwa hiyo: hakuna nta. Hakuna vazelini. Hakuna krimu yoyote isiyoyeyuka kwenye maji, hata kama kopo lake lina picha ya mtu mwenye rasta hadi kiunoni. Kinachotakiwa ni ute wa mshubiri (aloe vera), basi. Kata jani, lisimamishe kwenye kikombe robo saa ule utomvu wa njano udondoke, maana unawasha. Kisha pasua, kwangua ute, upondeponde. Tumia siku hiyo hiyo, haukai. Na uwe kidogo: vidole viwe na unyevu, visiteleze. Ukiona weupe kwenye nywele siku ya pili, ulizidisha.

7. Fulana ya pamba kutoka kwenye marundo ya chagua (mitumba), badala ya taulo. Taulo huacha nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hazitoki.

8. Kitambaa laini cha satini cha kulalia. Kukifunga juu ya nywele mbichi ni kupanda ukungu. Kausha kwanza hadi ndani.

Siku yenyewe: osha, kausha nusu, gawa vyumba vya sentimita mbili hivi, paka, zungusha zote upande mmoja, bana, kausha. Usioshe wiki tatu au nne. Baada ya hapo kuzungusha upya kila wiki nne hadi sita. Anayezungusha kila Jumamosi kwa ajili ya misa ya Jumapili atakondesha mizizi, kisha ataniuliza kwa nini paji la uso linapanda.

MASWALI

Mgeni: Yaya asanti kwa somo. Sasa nta gani ndiyo muzuri, ya njano ao ya mweusi?

Jibu: Rudi namba 6.

Mgeni: Nilisoma mbiombio. Miye nywele zangu ni nguvu, mshubiri hautazishika.

Jibu: Nywele ngumu ndizo zinazoshika upesi kuliko zote. Namba 6.

Motari wa Ndosho: Yaya, miye kaske (kofia ya pikipiki) iko kichwani tangu asubuhi mpaka jioni. Nikianza rasta zitakufa?

Jibu: Hazitakufa, ndugu yangu, ila zitalala upande kaske inapokandamiza. Anza na vyumba vidogo kidogo nyuma ya kichwa. Vaa kofia nyembamba ya pamba chini ya kaske, uwe nazo tatu uzibadilishe, kwa sababu jasho ndilo litakalokusumbua kuliko kaske yenyewe. Ukiegesha kungoja mteja, vua kaske, nywele zipate upepo. Na usizibane kwa nguvu ili kaske iingie.

Mwanafunzi, Bukavu: Nauliza kwa kutaka kujua: kwa nini nta haikutoka hata kwa maji ya moto?

Jibu: Swali zuri. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi. Maji ya nyuzi 45 tu kichwani tayari unalalamika, kwa hiyo kabla nta haijayeyuka wewe umeungua. Na ikiyeyuka inazama ndani zaidi, haitoki nje. Mafuta ya kupikia ya uvuguvugu huilegeza, lakini itabidi uoshe mafuta nayo, na rasta changa hufumuka. Mwenye nta kidogo kwenye ncha anaweza kujaribu. Mimi sikuwa nayo kidogo.

Mwanafunzi, Bukavu: Nimeelewa. Huku kwetu mvua haiachi, tunakausha karibu na mbabula, jiko la makaa.

Jibu: Mlango wazi, tafadhali. Makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaua watu. Osheni asubuhi, siku mkiona jua, na mkamue rasta moja moja kwa fulana. Ni kazi, lakini inapunguza nusu ya muda.

Mama wa wawili: Yote pamoja bei gani?

Jibu: Dola inapanda na kushuka, bei nayo. Pita sokoni Virunga na orodha hii, uliza.

Mama wa wawili: Si ungesema tu kadiri?

Jibu: Niliwahi kusema kadiri, mtu akaja kunidai tofauti.

Dada wa Himbi: Mbona haukutaja sindano ya kroshe? Wote wanaitumia.

Jibu: Kwa kuanzia hauihitaji. Baada ya miezi sita, kurudisha nywele zilizochomoka, sawa, lakini iwe nyembamba, chini ya milimita moja. Ile ya kufumia vitambaa vya meza ni nene, inakata nywele ndani na hauoni mpaka rasta inaachia mkononi.

Dada wa Himbi: Na mshubiri tunanunua wapi?

Jirani wa Majengo: Musinunue. Miye niko nao mbili uani, zimejaa. Mwenye anataka aje na chombo yake.

Jibu: Na aje amevaa nguo ya zamani. Ule utomvu wa njano hautoki.