SOMO: Jinsi ya kupata mlezi wa kitaaluma kwa mabinti wa utafiti wa magonjwa ya kuambukiza

Wadau habari zenu. Naliandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nitume linki tu, maana kila wiki inboksi kuna binti anauliza "dada nampataje mentor" na jibu ni lile lile. Mimi niko kwenye malaria, upande wa maabara, Tanzania, kwahiyo mifano itakuwa ya huku, ila wa TB, ukimwi na kichaa cha mbwa mtajiongeza.

UNESCO wanasema wanawake ni karibu theluthi moja ya watafiti wote duniani. Huku kwetu ukiingia maabara mabinti wamejaa kwenye pipeti na darubini, sasa panda kwenye kikao cha bajeti uwahesabu. Wanapotelea katikati, kati ya masters na andiko lao la kwanza la mradi, na hapo ndo mlezi anatakiwa awepo. Namaanisha mlezi, msimamizi wa thesis ni mwingine. Msimamizi anataka kazi iishe, mlezi anauliza ikiisha utaenda wapi. Wakiwa mtu mmoja shukuru Mungu.

HATUA YA 1. Andika kwa sentensi moja unataka kusaidiwa nini. "Nikue kitaaluma" haitoshi.

HATUA YA 2. Tafuta watatu: mmoja wa fani yako, mmoja aliyekutangulia miaka michache tu, mmoja wa nje ya taasisi yako. Huyo wa nje usimdharau, siku umekwaruzana na bosi ndo utajua kazi yake. Siyo lazima wote wawe wanawake, wapo wanaume wanaolea vizuri sana. Ila ukitaka kuona njia ilivyopitwa na mwenzako msome Profesa Faith Osier, daktari Mkenya aliyeingia kwenye kingamwili za malaria akiwa Kilifi na sasa yuko Imperial College London.

HATUA YA 3. Imeili ya kwanza iwe fupi. Mfano: "Shikamoo Dokta. Naitwa fulani, nasoma masters ya parasitolojia. Nimesoma chapisho lenu la usugu wa dawa, nimekwama kwenye sampuli za wagonjwa wenye vimelea vichache sana, PCR inagoma. Naomba dakika 20 wiki ijayo." Basi. (PCR ni kipimo cha maabara cha kutafuta vinasaba vya kimelea.) Usiombe ulezi siku ya kwanza, omba msaada wa kitu kimoja, akikusaidia rudi umwambie ulifanyaje na matokeo yalikuwaje. Wengi hawarudi, ndo maana anayerudi anakumbukwa.

HATUA YA 4. Kikao mara moja kwa mwezi, ajenda unatuma wewe, baada ya kikao unatuma mistari mitano ya mlichokubaliana.

HATUA YA 5. MAJINA KWENYE CHAPISHO (soma mara mbili)
Hapa niliharibu mimi na aliyeumia ni binti niliyekuwa namlea. Alikusanya sampuli, PCR zote kakimbiza yeye, grafu kachora yeye, na tulikubaliana kwa mdomo kwamba atakuwa jina la kwanza. Mradi ukaingia awamu nyingine, akaja mwenye cheo akaandika upya utangulizi, jina lake likakaa mbele, na mimi mlezi wake sikuwa na hata imeili moja ya kuonyesha. Jina la kwanza ndo linalosomwa kwenye maombi ya skolashipu na ya fedha, kwahiyo alichopoteza ni kikubwa kuliko lile chapisho. Sasa shikeni haya:
- Makubaliano ya majina yaandikwe kabla sampuli hazijatoka kwenye freeza. Nani wa kwanza, nani wa mwisho, na nini kitabadilisha huo mpangilio.
- Masharti ya ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) kuhusu nani aitwe mwandishi yako manne na mwandishi anatakiwa kuyatimiza yote: awe amechangia kazi yenyewe (kuibuni, kukusanya data, kuichambua au kuitafsiri), ameandika au kuhariri kwa maana, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Kuleta fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi, wala kusimamia kwa ujumla tu.
- Ukiambiwa "usijali tutaona mbele", siku hiyohiyo tuma imeili: "Asante kwa kikao, nimeelewa kwamba..." halafu andika ulichoelewa.
- Sampuli zikisafirishwa nje kwa uchambuzi, uliza kabla mkataba wa kuhamisha sampuli haujasainiwa kama jina lako limo kwenye timu ya uchambuzi. Zikishapanda ndege umechelewa.
Na nyie walezi wenzangu, hili ni jukumu lenu kuliko la binti mnayemlea, yeye hana nguvu ya kumbishia profesa.

HATUA YA 6. Mwombe akutaje. Kuna kongamano, kuna kikao cha wafadhili, mwambie "dokta ukiulizwa nani anaweza kuwasilisha, nitaje". Mlezi anayekushauri vizuri chumbani ila hakutaji mbele za watu amefanya nusu ya kazi.

HATUA YA 7. Fursa: OWSD (shirika la wanawake wanasayansi, wako Trieste, Italia, wamekuwa wakifadhili uzamivu wa wanawake kutoka nchi zinazoendelea), L'Oréal-UNESCO (tuzo na ufadhili wa wanawake wanasayansi), na EDCTP (ushirikiano wa Ulaya na Afrika unaofadhili utafiti wa magonjwa ya kuambukiza). Andiko lisomwe na mlezi wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, siyo usiku wake.

Maswali karibuni.

mchuma_data: Somo zuri ila refu, kwa kifupi nampataje mentor?
Jibu: Hatua ya 3.

kinyonga88: Naomba namba ya profesa yeyote wa malaria
Jibu: Sigawi namba za watu. Imeili ya mwandishi wa mawasiliano iko ukurasa wa kwanza wa chapisho. Ukilisoma utaiona.

MzeeWaMbu: Kwani sisi wanaume hatuhitaji walezi? Huu ni ubaguzi
Jibu: Hakuna hatua niliyoandika mwanaume asiifuate, zifuate zote. Ila niambie kama umewahi kuulizwa kwenye usaili ukienda kukusanya mbu usiku mtoto utamwachia nani. Sisi tunaulizwa.

mama_kijacho: Dada mimi nina mimba ya miezi minne, niko maabara ya TB, naogopa kumwambia bosi ataniondoa kwenye mradi. Mlezi anasaidia nini hapo?
Jibu: Hongera mdogo wangu, na umeuliza la maana. Usikae kimya kwa sababu ya mradi, afya yako na ya mtoto kwanza. Andika orodha ya kazi zako zote, kaa na mtu wa usalama wa maabara mtenganishe za hatari, kama kuotesha vimelea, na zile unazoweza kuendelea nazo: uchambuzi wa data, kuandika, kusimamia ubora. Halafu unaenda kwa bosi na mpango mkononi, unaomba kubadilishiwa majukumu, na mlezi anaingia nawe kwenye hicho kikao. Mkishakubaliana iandikwe kwamba nafasi yako kwenye mradi na kwenye machapisho haijaguswa. Pia soma masharti ya ufadhili wako vizuri, baadhi wanaongeza muda kwa aliyejifungua.

sina_jina: Mlezi wangu anataka vikao viwe jioni, hotelini, mi peke yangu
Jibu: Usiende. Tunza meseji zote, usifute hata moja, na mwambie leo mtu mmoja unayemwamini. Rushwa ya ngono ni kosa, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, TAKUKURU wanapokea simu bure 113. Ukiogopa kwenda peke yako niandikie inboksi, tutakwenda wote.

binti_pipeti: Nje ya mada dada, mlezi wangu kaniambia slaidi za malaria niandike kwa penseli, hakuniambia kwa nini
Jibu: Yuko sahihi. Tone jembamba la damu kwenye slaidi unalifiksi (unaligandisha) kwa methanoli kabla ya kulitia rangi ya Giemsa, na methanoli inaondoka na wino wa maka peni. Penseli kwenye ule upande wenye ukungu haitoki.

binti_pipeti: Aaah sasa nimeelewa! Na tyubu za freeza?
Jibu: Lebo za kuhimili baridi, zile za kuprinti. Maka ya kawaida ukipuliza ethanoli tu imefutika. Na namba iandike ubavuni, usiishie kwenye kifuniko, maana ukifungua kumi kwa pamoja vifuniko vinabadilishana na hutajua.