Kuunda bodi ya kampuni iliyozaliwa chuoni: usijaze watu wa maabara moja

Watafiti wa vyuo vya Tengeru au Moshi, kaskazini mwa Tanzania, wanaposajili kampuni, bodi huwa imeshajipanga yenyewe: mgunduzi, aliyemsimamia shahada ya uzamivu, mwenzake wa idara, na pengine mkuu wa kitivo. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka wakurugenzi wasiopungua wawili tu, kwa hiyo BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, hawana neno. Mwenye neno ni mnunuzi.

Chukua kichujio cha floraidi. Maji mengi ya miteremko ya Meru yanajulikana kwa madini hayo, na Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Bodi ya wanakemia watupu itajadili uwezo wa mkaa wa mifupa kunasa floraidi, tena itajadili vizuri. Ila nani atauliza mifupa hiyo ni ya mnyama gani? Kwa familia ya Kiislamu au ya Kihindu, hilo linaweza kuwa swali la kwanza. Nani atauliza mama atajuaje kwamba mkaa umechoka, wakati floraidi haina ladha wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi? Halafu kuna magadi. Anayepika makande anayatia ili mahindi na maharage yaive upesi, na magadi yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Maji yametoka safi kwenye kichujio, yamechafuliwa sufuriani. Bodi iliyoyasikia hayo mapema itaweka namna ya kuhesabu lita zilizopita, itaandika chanzo cha mifupa kwenye lebo, na itauza kichujio pamoja na maelekezo ya jikoni.

Kwa hiyo anza na jedwali, majina baadaye. Upande wa kushoto andika maamuzi makubwa ya miezi 18 ijayo: leseni ya hataza (haki ya kutumia ugunduzi) kutoka chuoni, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), bei, usambazaji, vipuri, mtaji. Juu andika majina ya mnaowafikiria. Tia tiki pale tu mtu alipowahi kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Kuifundisha darasani hakuhesabiwi. Mstari usio na tiki ndio kiti cha kutafutia mtu. Mstari wenye tiki nne unaonyesha mmerundikana sehemu moja.

Mwanzoni watano wanatosha: mgunduzi, mwakilishi wa chuo, mhasibu, mtu aliyeuza bidhaa za nyumbani madukani, na mtumiaji, kwa mfano mjumbe wa kamati ya mradi wa maji wa kijiji. Wakizidi saba, kupata akidi kunakuwa shida. Wanawake wawe angalau wawili. Mwanamke akiwa peke yake hugeuzwa msemaji wa wanawake wote, na hoja yake ya bei inapokewa kama hoja ya jinsia. Na wasipewe kiti cha mtumiaji tu. Mhasibu mwanamke yupo, mtafuteni. (Wengi hutaja Norway, ambako sheria ilizitaka kampuni zinazouza hisa kwa umma ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia kwenye bodi. Kampuni yenye wafanyakazi wanne haiwezi kuazima matokeo ya kule.)

Kabla ya kumtangaza mtu, hakikisha ana namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi), maana bila hizo usajili mtandaoni utakwama. Mweleze pia kwamba mkurugenzi anabeba wajibu wa kisheria. Asipoutaka, awe mshauri.

Bodi nyingi zenye sura mchanganyiko huharibikia kikaoni. Kijana aliyemwamkia profesa shikamoo mlangoni hatampinga dakika kumi baadaye, na mama wa kamati ya maji hatagusa kabrasha la kurasa 60 la Kiingereza. Makabrasha yatoke siku 7 kabla, kwa Kiswahili, kurasa zisizozidi kumi. Kila mjumbe amtumie katibu swali moja na hofu moja. Katibu azisome bila kutaja majina. Wadogo waanze kuzungumza, mwenyekiti amalize. Mwenyekiti asiwe aliyemsimamia mgunduzi, hata kama ndiye anayeheshimika kuliko wote. Hasa kama ndiye.

Mrabaha wa chuo ukijadiliwa, mwakilishi wa chuo atangaze masilahi yake na atoke nje; muhtasari uandike saa aliyotoka na aliyorudi.

Bodi ya namna hii itavutana na itachelewa. Ubishi ukiwa juu ya jambo linalopimika, msipige kura. Muuzaji anasema watu hawatabadilisha mkaa, mgunduzi anasema watabadilisha: wekeni vichujio 10 kwenye nyumba 10 hadi mkaa wa kwanza ufike mwisho, taja bajeti na tarehe ya majibu, kisha endeleeni na ajenda nyingine. Ubishi wa heshima na vyeo ni wa mwenyekiti kuumaliza nje ya kikao.

Baada ya mwaka fungua mihtasari, uhesabu maamuzi yaliyobadilika kwa sababu ya swali la mtu asiye wa maabara. Ukikuta sifuri, usikimbilie kubadilisha wajumbe. Angalia kwanza nani anaandaa ajenda.