Jinsi ya kusikia sauti zilizojificha kwenye nyimbo za zamani: mono, stereo na kutoa chaneli

Wimbo mmoja wa pop wa miaka ya 1960 unaweza kuwa na miksi mbili (yaani michanganyiko ya mwisho ya sauti zilizorekodiwa) zilizofanywa siku tofauti, na kila moja ikawa na vitu ambavyo nyenzake haina: kiti kinacholia, mtu anayehesabu, mstari ulioimbwa kimakosa, kelele ya mpiga ngoma mwishoni. Sababu yake ni ya kikazi. Wakati ule wasikilizaji wengi wa pop walikuwa na redio na gramafoni za mono (sauti moja ile ile pande zote), kwa hiyo studio zilitumia muda mwingi kwenye miksi ya mono. Ya stereo (chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, zenye sauti tofauti) ilifuata baadaye, mara nyingi haraka haraka, na wanamuziki wenyewe hawapo. Fundi mitambo alipandisha na kushusha kila treki (sauti iliyorekodiwa peke yake kwenye tepu) kwa mkono wimbo ukiwa unaenda, basi ikawa vigumu miksi ya pili ifanane na ya kwanza.

Kusikia peke yake hakutoshi. Sauti iliyojificha ni ya kweli pale unapoweza kusema iko upande gani, kwenye miksi ipi, na ilifikaje pale. Hatua zilizo hapa chini zinalenga hilo.

Hatua ya 1: Safisha njia ya sauti

Tumia hedifoni ya waya inayofunika sikio lote. Bluetooth huibana sauti upya kabla haijafika sikioni, na sauti hafifu ndizo zinazoumia kwanza. Ukinunua Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, usilipe kabla hujaijaribu kwa simu yako mwenyewe: cheza wimbo ambao ngoma zake ziko upande mmoja, kisha ivae hedifoni kinyume, ya kushoto kulia. Ngoma lazima zihame. Zisipohama, ama hedifoni ni mbovu, ama simu yako imewekwa mono. Ingia kwenye mipangilio ya ufikivu uzime sauti ya mono na urudishe mizani katikati. Zima pia ikwalaiza, nyongeza ya besi na kila kinachojiita sauti ya mzunguko.

Iangalie pini kwa makini. Pini isipoingia mpaka mwisho, au waya wa athi ukikatika ndani, hedifoni huanza kukupa tofauti kati ya kushoto na kulia badala ya sauti yenyewe. Mwimbaji anapotea, na waitikiaji, mwangwi na vyombo vya pembeni vinajitokeza vikiwa wazi ajabu. Wengi huamini wamepata miksi adimu, kumbe ni waya. Kanuni hiyo hiyo tutaitumia kwa makusudi kwenye hatua ya 4.

Chagua saa. Kati ya Novemba na Aprili mvua ya Mbeya au Tukuyu ikishaanza kugonga bati, acha. Usiku wa Juni na Julai ndio mzuri: madirisha yamefungwa kwa baridi na barabara imetulia. Chomoa chaja ya kompyuta, kwa sababu chaja nyingi huingiza mngurumo wa umeme wa hezi 50 kwenye hedifoni, na mngurumo huo ni rahisi kuudhania wa studio.

Hatua ya 2: Pata mafaili yanayofaa

Unahitaji mono na stereo za wimbo ule ule, kutoka kwenye CD au faili la FLAC, aina isiyopoteza sauti. Nyimbo za kujaziwa kwenye flashi mara nyingi ni MP3 dhaifu. Angalia ukubwa: wimbo wa dakika 3 ukiwa na MB 3 hivi, hiyo ni kilobiti 128 kwa sekunde, ukiwa na MB 7 ni kilobiti 320. Ukubwa nao hudanganya, maana faili dogo linaweza kugeuzwa upya likawa kubwa. Lifungue kwenye Audacity, programu ya bure, uangalie spektrogramu, picha inayoonyesha milio ya chini na ya juu ya wimbo. Sauti ikikatwa kama kwa rula kwenye kilohezi 16 wimbo mzima, faili limewahi kubanwa sana, hata kama sasa linasomeka FLAC.

Naisisitiza hatua hii kwa sababu ndiyo chanzo cha madai mengi ya uongo. MP3 ya kilobiti 128 huungua pale unapotoa chaneli: hubaki milio ya majimaji inayopanda na kushuka, na sikio linalotafuta sauti ya mtu litaisikia sauti ya mtu humo.

Hatua ya 3: Sikiliza upande mmoja mmoja

Kwa stereo za mwanzo za Beatles, bendi ya Uingereza, hii ndiyo njia yenye faida kuliko zote. Mpaka karibu mwisho wa 1963 walirekodi kwa tepu ya treki mbili, kwa hiyo vyombo vinaweza kuwa upande mmoja na waimbaji upande wa pili. Sogeza mizani ya simu mpaka mwisho wa kushoto, sikiliza wimbo wote, kisha rudia kwa kulia. Upande wa waimbaji utasikia pumzi kabla ya mstari kuanza, na vyombo vikivuja kwa mbali kwenye maikrofoni.

Usisikilize wimbo wote kwa uzito sawa. Sauti zilizojificha hukaa sehemu zinazojulikana: sekunde mbili za kwanza, pale waimbaji wanaponyamaza kupisha vyombo, na mwisho wimbo unapofifia. Chukua kipande cha sekunde 10 ukirudie. Kwa mwisho unaofifia, chagua sekunde 15 za mwisho upandishe kwa desibeli 12 kwa amri ya Amplify, kisha punguza sauti ya hedifoni kabla ya kucheza. Masikio hayana vipuri.

Zoezi zuri la sauti hafifu ni A Day in the Life (1967) yao. Ule mlio mkubwa wa piano wa mwisho hudumu zaidi ya sekunde 40, na mafundi waliendelea kupandisha mitambo kadiri piano ilivyofifia. Kuelekea mwisho kabisa, mitambo ikiwa imefunguliwa sana, kiti kinalia. Usipokisikia, rudi hatua ya 1, kosa liko huko.

Hatua ya 4: Toa chaneli moja kwenye nyingine

Ingiza faili la stereo kwenye Audacity. Bofya jina la treki, chagua Split Stereo to Mono, utapata treki mbili. Zishushe zote kwa desibeli 6 ili zisipasuke. Chagua ya chini pekee, nenda menyu ya Effect, tafuta Invert, inayogeuza wimbi la sauti juu chini. Cheza zote mbili pamoja. Kila kilichokuwa sawasawa pande zote kinafutika, na cha pembeni kinabaki.

Tegemea mambo mawili. Kwanza, besi na ngoma ya mguu huondoka pamoja na mwimbaji, kwa kuwa navyo kwa kawaida viko katikati. Pili, mwangwi wa mwimbaji hubaki, ukisikika kama anaimba chumba cha pili. Huo si uimbaji wa siri. Kwa stereo za treki mbili za hatua ya 3 njia hii haisaidii, kwani hakuna kilicho katikati.

Njia hii pia ni kipimo cha mono. Mono halisi ikitolewa hivi inabaki kimya kabisa. Ukibaki mkwaruzo tu, faili limetoka kwenye sahani ya santuri. Ukibaki muziki wenye besi nyembamba au milio ya juu tu, hiyo ni stereo ya kubuni: mono iliyochujwa, besi nyingi upande mmoja na milio ya juu upande wa pili.

I Am the Walrus ya Beatles ndiyo somo lenyewe. Tarehe 29 Septemba 1967, miksi ya mono ikifanywa, redio iliunganishwa moja kwa moja kwenye mitambo, na mchezo wa King Lear wa Shakespeare uliokuwa ukirushwa na BBC ukaingia kwenye wimbo kama ulivyokuwa hewani. Haukuwa na treki yake. Ilipofika zamu ya stereo hapakuwa na pa kuutoa tena, kwa hiyo wimbo ukifika dakika mbili hivi wakaunga ile mono, ikageuzwa stereo ya kubuni. Toa chaneli kwenye stereo ya 1967 na utasikia kiungo chenyewe: mabaki yanabadilika tabia ghafla.

Hatua ya 5: Linganisha miksi mbili

Usijaribu kutoa mono kwenye stereo. Zilifanywa kwa nyakati tofauti na tepu hazikwenda kasi moja, hivyo hakuna kitakachofutika. Linganisha kwa sikio. Kwanza sawazisha ukubwa wa sauti wa mafaili yote mawili kwa Loudness Normalization, la sivyo lenye kelele zaidi litaonekana lina mengi zaidi.

Anza na tofauti kubwa, zote za nyimbo za Beatles. Helter Skelter (1968) ya mono inaishia karibu na dakika 3:36. Ya stereo inafifia, inarudi, na mpiga ngoma Ringo Starr anapiga kelele kuwa vidole vyake vimetoka malengelenge. Kwenye stereo ya Please Please Me (1963), mwimbaji John Lennon anachanganya maneno ya ubeti wa mwisho, na kicheko kinamtoka. Mono ni safi. She's Leaving Home (1967) ya mono ina kasi na iko juu kwa karibu nusu toni. Ukitaka kuzilinganisha, ongeza kasi ya stereo kwa asilimia 5, kisha sogeza kidogo kidogo.

Andika daftarini safu tano: dakika na sekunde, upande, sauti gani, ipo mono, ipo stereo. Mpe mtu mwingine asikilize dakika ile bila kumwambia atafute nini. Akisema kitu kingine, weka alama ya kuuliza.

Kwa zilipendwa zetu

Muziki wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970 kwa kawaida ni mono, bendi nzima ikipiga pamoja mbele ya maikrofoni chache. Hatua ya 4 itakupa ukimya, au mchakacho wa juu kama kichwa cha mashine ya kunakilia tepu kilikaa upande. Hapa tumia kichujio. Kata kila kilicho chini ya hezi 200 na gitaa la ridhimu litatoka nyuma ya besi. Kinyume chake, bakiza chini ya hezi 200 ufuate besi peke yake. Pandisha kilohezi 2 hadi 4 kwa desibeli 6, usizidishe, na gitaa la pili la solo litaachana na la kwanza. Maelekezo ya kiongozi kwa bendi, yale ya kuingia kwenye chemko (sehemu ya haraka ya kuchezea), hukaa eneo hilo hilo, mara nyingi nusu sekunde kabla ngoma hazijabadilika.