Tafuta saa kwanza: usingizi na dawa za mtoto mwenye ADHD

Binti yangu ana miaka tisa, na dawa ya ADHD (tatizo la kukosa umakini na kutotulia) aliianza akiwa na saba. Mzazi mwenzangu akiniuliza, "Wangu halali tangu aanze dawa, nifanyeje?" mimi humrudishia maswali. Alimeza saa ngapi? Alianza kusumbua saa ngapi jioni? Taa ilizimwa saa ngapi, na usingizi ulimchukua saa ngapi? Wengi hawana majibu, nami siwalaumu, maana usiku wa mtoto asiyelala ni mrefu na kumbukumbu zake huchanganyika. Lakini bila saa huwezi kujua unapambana na nini.

Kwa hiyo kabla ya kugusa dozi, chukua daftari. Kwa wiki mbili andika saa ya kumeza dawa, saa za kula na kiasi alichokula, saa hasira zilipoanza, saa ya kwenda kitandani, saa aliyolala kweli, kama aliamka usiku, na saa ya kuamka. Weka na safu ya soda, chai na chokoleti, kwa sababu kafeini ya saa kumi jioni bado inatembea mwilini wakati wa kulala. Kama mtoto hajaanza dawa, una bahati: andika wiki moja au mbili za kabla. Watoto wengi wenye ADHD wana shida ya kulala hata kabla ya kidonge cha kwanza, na asiyejua hali ilivyokuwa mwanzo huibebesha dawa lawama zote. Daktari wa binti yangu, mama asiyependa kubadilisha dawa kwa pupa, huliomba daftari kabla hata ya kuniuliza habari za nyumbani.

Kusoma daftari

Lazima ujue dawa ya mwanao hukaa mwilini muda gani. Methilifenideti (dawa ya kuamsha ubongo inayotumika sana kwa ADHD) ya muda mfupi hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Zile za muda mrefu hutofautiana: nyingine saa 8, nyingine hadi 12. Lisdeksamfetamini, nyingine ya kundi hilo, inaweza kufika saa 13. Muulize daktari au mfamasia kuhusu hiyo hiyo mliyopewa, kisha uhesabu kwa vidole. Binti yangu humeza kidonge kinachofanya kazi kwa saa 12, naye hukimeza saa moja asubuhi, kwa hiyo humwachia kama saa moja jioni. Siku ya mapumziko akiamka saa tatu na kumeza saa nne asubuhi, dawa itakuwa kazini hadi saa nne usiku. Nyumba nyingi zenye "usiku mbaya wa Jumamosi" zingepata jibu lao hapo tu.

Ukishahesabu, tazama shida inaangukia wapi.

Ikiwa mtoto yuko macho wakati dawa bado inafanya kazi, mara nyingi utamwona ametulia, hana njaa, amelala chali anaangalia dari na kusema, "Baba, usingizi hauji." Hapa mazungumzo na daktari ni kuhusu kumeza mapema zaidi, kuhamia dawa ya muda mfupi zaidi, au kupunguza dozi.

Ikiwa anachachamaa dawa inapoisha, hiyo ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayopotosha wazazi wengi. Kwa muda wa saa moja hivi anakuwa mkali au mwepesi wa kulia, anarukaruka kuliko hata siku asizomeza. Mzazi huona vurugu hizi karibu na wakati wa kulala akahitimisha kwamba dawa imezidi, wakati kumbe imeondoka kwa kishindo. Kupunguza dozi ya asubuhi huenda kusisaidie hapo. Wapo madaktari ambao kwa mtoto kama huyu huongeza kidonge kidogo cha muda mfupi alasiri ili dawa ishuke taratibu, na mtoto huyo huanza kulala vizuri kuliko awali. Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza nilidhani daktari amechoka. Lakini lina mantiki: mtoto ambaye kichwa chake kinakimbia mbio hawezi kutulia kitandani, na kuna ambao hutulizwa na kiasi kidogo cha dawa. Si wote, na si jambo la kujaribu bila daktari. Kwetu sisi ilitosha kutoweka kazi yoyote ngumu kati ya saa moja na saa mbili jioni. Masomo ya nyumbani yanamalizika kabla, na kuoga kunasubiri.

Ikiwa amelala salama lakini usiku wenyewe ni mbovu, acha kuifikiria dawa kwa muda, sikiliza anavyopumua. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayepumua kwa mdomo, au ambaye pumzi hukatika kisha akashtuka, anahitaji kukaguliwa tezi za koo na pua. Usingizi uliokatika hivyo unaweza kumfanya mtoto yeyote akose umakini mchana. Mwingine hulalamika kwamba miguu inamwasha kwa ndani au inataka kutembea yenyewe anapolala. Muombe daktari apime feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Usinunue vidonge vya chuma bila kipimo cha damu. Chuma kikizidi ni sumu, hasa kwa mtoto.

Na ikiwa daftari linaonyesha kwamba siku zote, kwa dawa na bila dawa, usingizi huja saa nne na nusu, basi huenda saa ya mwili wake imechelewa. Ni jambo la kawaida kwa watoto hawa: melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka baadaye kuliko kwa wenzao.

Kuvuta usingizi nyuma

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku. Mzazi akilisikia hilo humpeleka mtoto kitandani saa mbili, na mtoto analala saa nne na nusu. Katikati hapo ni maji, choo, hadithi, kelele na machozi, na kitanda kinageuka uwanja wa mabishano. Njia iliyotufaa ni ya kinyume. Anza na saa anayolala kweli. Kama ni saa nne na nusu, basi kwa siku chache mpeleke kitandani karibu na saa hiyo, amshe asubuhi saa ile ile bila huruma, na usimwachie alale mchana. Akianza kusinzia ndani ya dakika 20 hivi, sogeza saa ya kulala nyuma dakika 15, yaani mapema zaidi. Kaa hapo siku kadhaa, sogeza tena. Saa ya kuamka ndiyo nguzo. Ukiilegeza mwisho wa wiki, Jumatatu utaanza upya. Sisi tulitoka huko hadi saa tatu kamili, na yeye huamka saa kumi na mbili na nusu.

Kuhusu simu na televisheni kuzimwa saa nzima kabla ya kulala, umeshaambiwa na kila mtu, nami sina la kuongeza ila kwamba simu ya mzazi nayo inahesabika.

Maagizo yawe moja moja. "Nenda ukajiandae kulala" ni kazi tano ndani ya sentensi moja, na binti yangu atapotea kwenye ya pili. Tuna karatasi ukutani yenye picha: mswaki, choo, nguo za kulala, kitabu, taa. Anaonyesha kwa kidole, anaendelea. Pia ana kadi moja ya kutoka chumbani kwa usiku. Akiitumia kwa maji au kwa kuja kunikumbatia, imekwisha. Ajabu ni kwamba usiku mwingi haitumii, anailalia chini ya mto akiiweka akiba. Kuna watu watakaokwambia chumba lazima kiwe kimya kabisa. Kwa baadhi ya watoto wenye ADHD ukimya ndio unaofungua mawazo. Hadithi ya kusikiliza kwa sauti ya chini, ambayo ameshaisikia mara nyingi, huweza kufaa zaidi.

Melatonini ya dukani au ya daktari huja baada ya haya yote. Husaidia kuanza kulala. Kwa kuamkaamka usiku haina nguvu sana. Hutolewa kwa kiasi kidogo, dakika 30 hadi 60 kabla ya kulala, baada ya kuzungumza na daktari, na ihifadhiwe mbali na mikono ya watoto. Katika nchi ambako huuzwa kama kirutubisho, kiasi kilichomo kinaweza kutofautiana sana na kilichoandikwa. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi usizitumie kumlaza mtoto. Wapo watoto ambao dawa hizo huwageuza wakawa macho zaidi.

Njaa ya usiku na mengine

Dawa za kuamsha ubongo hukata hamu ya kula, na hapa pia kuna saa. Chakula kizito kiliwe kabla ya kidonge cha asubuhi. Chakula cha mchana kikirudi nyumbani kilivyokwenda, usigombane. Njaa itarudi dawa ikiondoka, mara nyingi saa mbili usiku, na mtoto anayesema "nina njaa" wakati huo kwa kawaida hasingizii. Mpe chakula cha maana: mayai, maziwa, karanga. Akilala na njaa, utamwona tena saa saba usiku.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka mtoto wa miaka 10 au chini apimwe uzito kila miezi 3, urefu kila miezi 6, na presha na mapigo ya moyo kila miezi 6 na kila dozi inapobadilishwa. Mimi huomba namba hizo na kuziandika ukurasa wa mwisho wa daftari. Kuumwa tumbo au kichwa wiki za mwanzo hupungua kwa wengi, hasa dawa ikimezwa na chakula. Lakini mtoto akiwa kimya kupita kiasi, uso umekufa, hacheki na vichekesho vyake mwenyewe, mwambie daktari, maana mara nyingi dozi imezidi. Shuleni wanaweza kukupongeza kwa utulivu huo. Usipokee pongezi.

Jambo dogo linaloshtua: ukimpa Concerta, aina ya methilifenideti ya muda mrefu, ganda la kidonge linaweza kuonekana chooni likiwa zima. Dawa imeshatoka ndani yake. Kisitafunwe wala kusagwa.

Zipo na dawa za ADHD zisizo za kuamsha ubongo. Klonidini na guanfasini huleta usingizi na hushusha presha, na haziachwi ghafla, kwa sababu presha inaweza kuruka juu. Atomoksetini, nayo ya kundi hilo, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi, ni kwa daktari haraka. Na kwa dawa yoyote kati ya hizi, usisubiri miadi mtoto akizimia, akiumwa kifua, moyo ukienda mbio asipokimbia, akiona au kusikia visivyokuwepo, akizungumzia kujidhuru, au mvulana akipata msimamo wa uume wenye maumivu usioisha.

Ukisahau kidonge cha muda mrefu asubuhi na ukakumbuka adhuhuri, rudi kwenye hesabu ile ya vidole. Kwa kidonge chetu, dozi ya saa sita mchana ingekwisha saa sita usiku, kwa hiyo tunaiacha hadi kesho yake, dozi moja ya kawaida bila kufidia, na mwalimu napiga simu kumwarifu.