Somo: Kumfundisha mhudumu wa afya aache kuandika antibayotiki kwa kila mtoto mwenye kikohozi

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeniomba nieleze navyoendesha haya mafunzo, leo nimekaa nikaandika, ni ndefu kidogo mnivumilie. Ni kwa wale wanaofundisha wenzao kazini, iwe wewe ni muuguzi kiongozi, tabibu, au umepewa tu kazi ya kuwaelekeza wapya.

Kwanza hili. Watoto wengi wanaoletwa na mafua na kikohozi wana virusi, na antibayotiki haiui kirusi hata umpe mtoto chupa nzima. Kila mhudumu analijua hilo, muulize atakujibu vizuri kabisa, halafu mtoto wa kwanza akiingia anaandika amoksilini. Kwa hiyo shida si kwamba hajui. Mi nilichokiona miaka yote ni kwamba hana uhakika na alichokiona kwa mtoto, na mtu asiye na uhakika anaandika dawa ili roho yake itulie. Mpe uhakika, kalamu itatulia yenyewe. Ndo maana mafunzo yangu karibu yote yako kwenye kuhesabu pumzi.

Hatua ya 1: Anza na rejista yao

Kabla hujafundisha neno lolote fungueni rejista, chukueni watoto 30 wa mwisho wenye kikohozi walio chini ya miaka 5. Kila mtoto mnaangalia: pumzi ziliandikwa? alipewa dawa gani? dozi inaendana na uzito? Waache wahesabu wenyewe wewe kaa kimya, na jina la aliyeandika lisitajwe kabisa, manake ukimwaibisha mtu asubuhi hatajifunza kitu mpaka jioni. Mara nyingi sehemu ya pumzi iko tupu na sehemu ya dawa imejaa, na mtu mwenyewe anauliza, sasa hii tuliamua kwa kuangalia nini? Tunza hiyo hesabu.

Hatua ya 2: Kuhesabu pumzi

Hapa kaeni muda mrefu kuliko kote. Kuna siku nilikuwa na wauguzi wawili na mtoto mmoja wa miezi 7, nikawaambia kila mtu ahesabu kivyake aandike kwenye karatasi. Mmoja akaandika 56, mwingine 64. Nikawauliza mmehesabu vipi. Wa kwanza alihesabu sekunde 15 akazidisha kwa 4, wa pili alihesabu dakika nzima ila muda wote huo mtoto alikuwa analia kwa sababu nilikuwa nimemvua shati kwa baridi. Tukamrudishia mama yake amnyonyeshe, tukasubiri, akamaliza akatulia akawa anachezea kifungo cha blauzi ya mama, tukapandisha shati taratibu tukahesabu wote dakika nzima: 46. Mtoto wa miezi 7 kikomo chake ni 50. Yaani yule mtoto alikuwa anaondoka na antibayotiki kwa sababu ya shati. Na tulimwangalia kila kitu kingine, hakuwa na nimonia.

Kwa hiyo wafundishe hivi: mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii, kifua na tumbo vinaonekana, saa yenye sekunde mkononi, dakika nzima bila kukatisha. Kupumua haraka maana yake:

- chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi
- miezi 2 hadi 11: 50 au zaidi
- miezi 12 hadi miaka 5: 40 au zaidi

Waanze na video, halafu watoto wa kweli, na kila mara wahesabu wawili wawili bila kuchunguliana. Wakipishana zaidi ya 5 wanarudia. Mi simwachii mtu mpaka ahesabu watoto 10 kwa namna hii, na najua foleni nje ni ndefu, lakini dakika moja ni dakika moja.

Hatua ya 3: Kifua kubonyea ndani

Sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani mtoto anapovuta pumzi, wakati kawaida kifua na tumbo vinatoka nje pamoja. Iwe inaonekana muda wote mtoto akiwa ametulia. Kama pua imeziba isafishe kwanza ndo uangalie. Ngozi kati ya mbavu kuingia peke yake haihesabiki, wengi wanachanganya hapo.

Hatua ya 4: Uamuzi

Chora mafungu matatu ukutani, kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5.

La kwanza ni rufaa ya haraka: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hazinduki, ana sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi hali ametulia, au oksijeni iko chini ya asilimia 90 kama mnayo mashine ya kidoleni. Huyu anachomwa dozi ya kwanza ya antibayotiki hapo hapo anaondoka.

La pili ni nimonia ya kutibiwa nyumbani: anapumua haraka au kifua kinabonyea, ila hana dalili yoyote ya hatari. Zamani mwenye kifua kubonyea alikuwa analazwa, Shirika la Afya Duniani (WHO) walibadilisha 2014, sasa anaweza kupewa amoksilini ya kunywa akarudi nyumbani. Ila mwenye VVU na kifua kinabonyea mpe rufaa.

La tatu ni kikohozi na mafua tu. Hakuna antibayotiki.

Hatua ya 5: Dozi

Dozi ndogo nayo ni matumizi mabaya, inampa bakteria mazoezi. Kwa vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250: kilo 4 hadi chini ya 10 kidonge 1, kilo 10 hadi chini ya 14 vidonge 2, kilo 14 hadi 19 vidonge 3, asubuhi na jioni, siku 5. Kuna miongozo ya nchi inayosema siku 3 kwa anayepumua haraka tu, wewe fuata wa kwenu. Mama ayeyushe dozi ya kwanza mbele yako kwa mikono yake, na mtoto arudi baada ya siku 3 aangaliwe.

Hatua ya 6: Maneno ya kumwambia mama

Hapa fanyeni igizo, mmoja mama mmoja mhudumu. Wengi wanasema "hana kitu, mpeleke nyumbani", na mama hajalala siku mbili, anasikia amedharauliwa. Mwambie hivi: "Mama, nimemhesabu mwanao pumzi dakika nzima zimefika 34, kwa umri wake ni nzuri, kifua nimekiangalia hakibonyei. Ni mafua ya virusi, dawa ya bakteria haitamsaidia na inaweza kumharisha. Mnyonyeshe zaidi, msafishe pua. Kikohozi kinaweza kwenda hata wiki 2, ila ukiona anapumua haraka au kwa shida, au ameshindwa kunyonya, usisubiri kesho, mlete hata usiku." Halafu muulize, ukiona nini utamleta? Akujibu yeye.

Hatua ya 7: Rudi

Baada ya mwezi fungueni tena rejista, watoto 30 wengine, linganisheni na ile hesabu ya mwanzo. Usiporudi wanarudia mazoea.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Makamasi yakiwa ya kijani si tayari ni bakteria?

Jibu: Marahaba. Hapana, makamasi ya virusi nayo yanageuka njano au kijani baada ya siku chache, ni chembe za kinga zinazofanya kazi. Rangi isikuandikishe dawa, hesabu pumzi.

Swali: Dada, mtoto akiwa na homa kali si lazima apumue haraka? Ntajuaje?

Jibu: Swali zuri sana. Homa inapandisha pumzi kweli. Kama hana dalili ya hatari mpe dawa ya homa, asubiri ndani mkimwona, homa ikishuka hesabu tena. Zikibaki juu ya kikomo mtibu nimonia. Na homa yenyewe itafutiwe chanzo.

Swali: Na wale wenye mlio kama filimbi wakitoa pumzi? Sisi wote tunawapa amoksilini.

Jibu: Hao ndo wanaonewa kuliko wote. Kama hana dalili ya hatari mpe salbutamoli ya kuvuta, yaani dawa ya kufungua njia ya hewa, hadi mara 3 kila baada ya dakika 15 hadi 20, kisha hesabu upya na uangalie kifua. Wengi pumzi zinashuka na unakuta hakuhitaji antibayotiki. Na kama mlio unamrudia rudia fikiria pumu.

Swali: Mtoto wa wiki 5 nimehesabu 62, hana dalili nyingine. Nimpe amoksilini arudi nyumbani?

Jibu: Usikimbilie ndugu yangu, rudia kuhesabu sasa hivi, watoto wadogo hivyo pumzi zao haziko sawa sawa. Ikitoka 60 au zaidi tena, hapo fuata mwongozo wa watoto wachanga wa kwenu, na ukiwa na shaka yoyote mpe rufaa. Chini ya miezi 2 usikae na wasiwasi peke yako.

Swali: Bosi wangu anaandika seftriaksoni, ile antibayotiki ya sindano, kwa kila kikohozi, mimi ni mdogo kazini, nikisema naonekana najifanya najua. Nifanyeje?

Jibu: Nakuelewa kabisa, nimekuwa hapo. Usibishane naye mbele ya wagonjwa. Wewe anza kuandika pumzi kwenye kila cheti kabla hakijafika kwake, "pumzi 36, kifua hakibonyei, ananyonya". Namba ikiwa imekaa pale juu inakuwa vigumu kuipita. Mimi nilifanya hivyo miezi kadhaa bila kusema kitu, siku moja bosi wangu mwenyewe akanirudishia cheti akaniuliza, huyu mbona hujamhesabu? Seftriaksoni WHO wameiweka kundi la kuchungwa kwenye orodha yao ya antibayotiki tangu 2017 na amoksilini iko kundi la kuanzia, hilo unaweza kumwonyesha mkiwa wawili ofisini, kwa heshima, mwongozo ukiwa mezani.

Swali: Mama akisema asipopewa hapa atanunua mwenyewe?

Jibu: Mwambie arudi kesho au keshokutwa umhesabu tena bure, bila foleni. Kwangu wengi walirudi, na waliorudi hawakuwa wamenunua.