Kubadilisha RAM mbovu kwenye seva ya kuhifadhia data

Kuchomoa moduli ya RAM na kuingiza nyingine ni kazi ya dakika tano. Kinachowakesha mafundi ni kuchomoa iliyo nzima na kuiacha mbovu ndani, au kuzima seva huku mashine nyingine bado zinaiandikia data. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujashika bisibisi. Nazungumzia seva za raki zenye Linux na diski nyingi, 12, 24 au 36, zile unazozikuta kwenye SACCO, hospitali na vyuo, Kampala hadi Mbarara. Mifano yangu ni ya ZFS, mfumo unaopanga data kwenye diski, na NFS, njia ya mashine nyingine kutumia hifadhi hiyo kwa mtandao. Kama unatumia mfumo mwingine, amri zitabadilika, mpangilio hautabadilika.

Hatua ya 1: Jua ni moduli ipi

Seva hizi hutumia RAM ya ECC, yaani inayojikagua na kurekebisha makosa madogo. Kwa kila biti 64 za data, moduli ya DDR4 hubeba biti 8 za ziada za ukaguzi. Biti moja ikigeuka, hurekebishwa kimyakimya na tukio likaandikwa. Zikigeuka mbili kwa pamoja, kwa kawaida hitilafu hutambuliwa lakini hairekebishiki, na mara nyingi mfumo husimama papo hapo.

Tukio moja lililorekebishwa katika miezi kadhaa halinikimbizi dukani. Utafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto uliotoka mwaka 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya moduli zikipata hitilafu za aina hii ndani ya mwaka. Ninachokiogopa ni hesabu inayopanda siku hadi siku kwenye sloti ileile. Angalia kwa amri hizi:

`ipmitool sel elist`
`ras-mc-ctl --errors`
`dmidecode -t memory`

Ya kwanza husoma daftari la matukio la BMC, ile kompyuta ndogo inayosimamia seva, kwa hiyo matukio yake hayapotei hata mfumo ukianguka. Ya pili ina faida tu kama rasdaemon, programu inayorekodi hitilafu za vifaa, ilikuwa inafanya kazi kabla ya tatizo. Ya tatu huorodhesha kila sloti, ukubwa wa moduli, mtengenezaji na namba ya mfululizo.

Mtego upo kwenye majina. Kernel, kiini cha Linux, inaweza kusema `mc0 channel 2 slot 0` wakati ubao umechapwa P1-DIMMC1. Usihesabu kutoka kushoto ukadhani umeipata, kwa sababu kwenye ubao wenye prosesa mbili sloti za upande mmoja mara nyingi hupangwa kinyume na za upande wa pili. Majina yakigongana, mimi huanza na la BMC, maana kwa kawaida ndilo lililochapwa kwenye ubao. Kisha chukua namba ya mfululizo ya moduli hiyo kutoka `dmidecode` na uiandike kwenye karatasi. Ukifungua seva utailinganisha na stika.

Jambo lingine: DDR4 inaweza kujitibu kidogo. Seva nyingi, zinapowaka, zinaweza kuacha kutumia safu mbovu ndani ya chipu na kutumia safu ya akiba. Kama mtengenezaji wa seva yako anashauri uiwashe upya kwanza, mtii kabla ya kutoa pesa. Hesabu ikianza kupanda tena, nunua.

Hatua ya 2: Pata moduli inayofanana

Soma stika, kwa mfano `32GB 2Rx4 PC4-2666V-R`. Ukubwa unajieleza. `2Rx4` ni makundi mawili ya chipu, kila chipu ikiwa na upana wa biti 4. `PC4` ni DDR4, `2666` ni kasi, na `R` ya mwisho ni RDIMM, aina ya RAM ya seva. RDIMM haichanganywi na LRDIMM, aina nyingine ya seva, wala na UDIMM za kompyuta za mezani. Ukichanganya, usitegemee seva iwake. Kasi ina nafuu: moduli yenye kasi zaidi itashuka ilingane na wenzake.

RAM za mtumba zilizotolewa kwenye seva za Ulaya zinapatikana mjini, na sina ugomvi nazo mradi muuzaji akubali kuirudisha ikishindwa majaribio. Ikikosekana, agiza Nairobi, mabasi ya usiku yanayopitia Busia au Malaba huleta mizigo. Sisitiza ije kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli. Moduli iliyofungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) na kusuguana mfukoni mwa mtu wa boda kutoka katikati ya mji hadi Ntinda inaweza kufika imeungua bila alama yoyote ya nje.

Hatua ya 3: Andaa kabla ya kuzima

Endesha `zpool status`. Ukiona DEGRADED (kuna diski yenye shida) au resilver (ZFS inajenga upya data kwenye diski) inaendelea, subiri. Usifungue seva iliyo na majeraha mawili. Hakikisha nakala ya data ipo mahali pengine na inasomeka.

Panga muda na wenye kazi. Kwenye SACCO epuka mwisho wa mwezi kabisa, siku za mishahara hakuna atakayekusikiliza. Zima mashine pepe (virtual machines) zinazotumia hifadhi hiyo, ondoa `mount` za NFS kwenye wateja wote, yaani mashine zinazoitumia kwa mtandao, kisha simamisha huduma yenyewe. Fuata mpangilio huo. Ukianza na seva, wateja wataganda wakiisubiri.

Hifadhi matukio kwenye mashine nyingine (`ipmitool sel elist > sel-kabla.txt`), kisha washa taa ya utambulisho kwa `ipmitool chassis identify force`. Nenda nyuma ya raki, itafute taa hiyo, bandika mkanda wa rangi kwenye seva. Taa itazimika ukichomoa umeme, mkanda utabaki. Sasa andika `poweroff`.

Hatua ya 4: Toa seva

Chomoa nyaya zote mbili za umeme. Nyingi zina pawa sapulai mbili, moja ikitoka UPS na nyingine kwenye laini ya kawaida, na ni rahisi kusahau ya pili. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili chaji iliyobaki iishe, na usubiri taa ndogo za ubao zizimike. Kama kuna kabati la nje la diski, weka alama kwenye kila waya wa SAS, unaoliunganisha na seva, kabla ya kuuchomoa.

Uzito si wa kudharau. Diski moja ya inchi 3.5 ina takriban gramu 700, kwa hiyo diski 36 peke yake zinakaribia kilo 25. Vuta kwa reli, mwe wawili, na msivute seva mbili kwa wakati mmoja, raki inaweza kuinama.

Vaa mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli, ubane kwenye chuma kisichopakwa rangi. Najua watasema Kampala hewa ina unyevu. Chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana hakina unyevu huo.

Hatua ya 5: Badilisha

Ondoa plastiki inayoelekeza hewa juu ya prosesa na RAM. Piga picha kwa simu. Kama vumbi jekundu limejaa, lipulize huku ukizuia feni zisizunguke.

Fungua vishikio vya ncha zote mbili, moduli itainuka yenyewe. Linganisha stika na karatasi yako. Namba ikikataa, irudishe na utafute upya.

Shika mpya kwenye kingo, bila kugusa dhahabu. Linganisha pengo la chini na kizuizi cha sloti, kisha sukuma kwa vidole gumba pande zote mbili hadi vishikio vijifunge kwa mlio. Ile tabia ya kusugua dhahabu kwa raba ya penseli iacheni, inakwangua na kuacha makombo ndani ya sloti. Tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ya hospitali ina maji mengi.

Kama moduli mpya haijafika, unaweza kutoa mbovu na kuendelea na RAM pungufu, ila fuata mchoro ulio ndani ya kifuniko. Huenda ukalazimika kutoa na mwenzake. ZFS itapata nafasi ndogo ya kuweka data ya kusomwa mara kwa mara, itapunguza mwendo, lakini itafanya kazi.

Hatua ya 6: Washa na ukague

Rudisha plastiki ya hewa na kifuniko kabla ya kuwasha. Skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa wakati seva inaipima RAM mpya. Usiizime!

Angalia jumla ya RAM kwenye BIOS. Kama umepewa usiku mzima, endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwani kwa GB 256 mzunguko mmoja huchukua saa nyingi. Halafu `free -h`, `dmidecode`, na `zpool status`.

Endesha `zpool scrub`, ambayo husoma na kukagua data yote, hasa kama kulikuwa na hitilafu zisizorekebishika. Ujue mpaka wake: scrub hugundua data iliyoharibika baada ya ZFS kuikokotolea alama ya ukaguzi. Iliyoharibikia kwenye RAM kabla ya hapo itaonekana safi, na hiyo utaipata kwa kulinganisha na nakala tu.

Rudisha huduma, kisha wateja. Futa daftari kwa `ipmitool sel clear` ili tukio jipya lionekane mara moja. Hitilafu zikirudi kwenye sloti ileile, badilishana moduli hiyo na ya chaneli nyingine. Zikiifuata moduli, rudi kwa muuzaji. Zikibaki kwenye sloti, shuku sloti yenyewe, prosesa au pini zake zilizopinda.

Ile ya zamani iandike MBOVU kwa kalamu ya wino mzito, na tarehe na jina la sloti, siku hiyohiyo, kabla haijaingia kwenye droo ya spea.